Kutoka Kipande Hadi Hifadhidata: Orodha Zilizozunguka Nchi ya Majani Chai

Juzi kuna jamaa aliniuliza swali nililodhani lingenichukua dakika mbili kulijibu. Alisema hivi: kaunti ya Bomet na kaunti ya Kericho zikiamua kuunganisha hifadhidata zao za wagonjwa, tatizo liko wapi? Si watu ni wale wale? Mtu wa Sotik akiugua usiku anaweza kupelekwa Longisa, anaweza kupelekwa Tenwek, na anaweza pia kuvuka mpaka akaenda Kapkatet, ambayo iko upande wa Kericho. Ugonjwa haujui mpaka. Kwa nini daktari wa Kapkatet aanze upya kumwuliza mgonjwa maswali ambayo Longisa walishamwuliza na kuyaandika?

Swali zuri, na sisi waandika programu tuna kawaida ya kulijibu kwa michoro: seva hapa, seva pale, waya katikati, nenosiri juu yake. Lakini huku kwetu swali hili lina umri wa miaka mia moja hivi. Ofisi za wilaya zimekuwa zikipeana taarifa za watu tangu enzi za Mwingereza, kwa karatasi, kwa tarishi na baadaye kwa simu ya mezani. Hatari nyingi tunazozisoma leo kwenye vitabu vya usalama wa data zilishatokea hapa kabla kompyuta haijabuniwa. Kwa hiyo leo nitaandika historia kidogo. Wanaotaka msimbo wa programu wavumilie.

Tuanze na kipande. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha mpaka 1919 na 1920 ndipo ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuandikishwa na kutembea na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama ya kidole, na historia yake ya kazi: nani alimwajiri, lini, kwa mshahara gani, na lini alimwachilia. Karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Watu waliifananisha na kengele ya mbuzi, na ukiwaza vizuri unaona hawakukosea: kazi ya kengele ni kumwambia mchungaji mnyama yuko wapi.

Sasa itazame kama mwanaprogramu. Kila mtu ana namba yake ya pekee. Taarifa zinakusanywa wilayani, kisha kumbukumbu na alama za vidole zinawekwa Nairobi. Mfanyakazi akitoroka shamba huku, mwajiri anaripoti, namba inatafutwa kwenye kumbukumbu kuu, na ofisi ya wilaya alikotoka mtu huyo inaweza kuagizwa imtafute. Huo ni mfumo wa kushirikiana data baina ya serikali za mitaa, wenye makao makuu na matawi. Ulifanya kazi bila umeme! Na ulifanya kazi kwa sababu ya kitu kile kile kinachofanya mifumo ya leo ifanye kazi, yaani namba moja inayomfuata mtu kila mahali.

Kuna kasoro moja ya muundo ambayo kila nikiifikiria inanitia ubaridi. Mfanyakazi hakuruhusiwa kisheria kuajiriwa na mtu mwingine kama mwajiri wa kwanza hajatia saini ya kumwachilia. Yaani kulikuwa na safu moja, tarehe ya kuachiliwa, na ruhusa ya kuijaza ilikuwa ya mwajiri peke yake. Mwenye data hakuweza kuisahihisha. Mzungu akikasirika, au akitaka tu kumshika mtu wake, aliiacha safu hiyo tupu. Safu tupu! Sisi leo tunaiona kama kosa dogo la kuingiza data, tunaandika onyo kwenye skrini na kuendelea. Kwa mtu wa miaka ya 1920 safu hiyo tupu ilimaanisha kukosa kazi, kutozwa faini au kufungwa.

Tusisahau ilikuwa kwa faida ya nani. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwatengea maofisa wa Kiingereza walioumia vitani ekari zipatazo 25,000 Kericho ili walime kitani. Mradi ukaanguka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai, Brooke Bond na ile ya akina Finlay, zikaanza kupanda yale majani tunayoyaona leo kuanzia Kericho mpaka huku kwetu. Chai inataka mikono mingi, mwaka mzima, kila wiki. Kampuni zikahitaji wafanyakazi kutoka mbali, na kipande ndicho kilichowezesha ofisi za wilaya mbili zisizofahamiana kushughulikia mtu mmoja. Harry Thuku aliwahamasisha watu dhidi ya kipande na kodi ya kibanda, akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 polisi wakawapiga risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaodhani kulalamikia data binafsi ni mambo ya wasomi wa Ulaya yaliyoletwa na intaneti.

Kisa cha pili ni cha hapa hapa, na ni kizito zaidi.

Wakipsigis wana ukoo uitwao Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho waitwao orgoiik. Ni jamaa wa ukoo wa Koitalel arap Samoei, aliyeongoza upinzani wa Wanandi akauawa kwa hila mwaka 1905. Serikali iliwaogopa. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha malaiboni, na katika miaka iliyofuata ukoo mzima, watu wapatao 700, wake kwa waume, wazee na watoto wachanga, wakaondolewa wilaya ya Kericho na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, sehemu ambayo leo iko kaunti ya Homa Bay. Gwassi ilikuwa na joto, mbu na mbung'o. Watu wa nyanda za baridi na ng'ombe wao walikufa huko. Waliosalia wakaanza kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wakakuta ardhi yao si yao tena.

Angalia jambo hili linahitaji nini kiutendaji. Lazima ujue nani ni Talai na nani si Talai. Sura haikuambii, lugha haikuambii. Ni taarifa ya ukoo, taarifa ambayo jirani anaijua, chifu anaijua, na ambayo hapo awali haikuwa na madhara yoyote kwa sababu ilibaki kijijini, ikitumika kwenye mambo ya kuoana na ya mila. Ilipotoka kijijini ikaingia ofisi ya wilaya, na ofisi ya wilaya moja ikaikabidhi ofisi ya wilaya nyingine pamoja na watu wenyewe, ikawa kitu kingine. Hakuna aliyeiba, na hakuna mdukuzi aliyevunja kufuli. Kila karani alifanya kazi yake kwa utaratibu. Nadhani hapa ndipo vitabu vyetu vya usalama vinapotupotosha kidogo, maana vinatufundisha kumwogopa mwizi wa nje, ilhali madhara makubwa kabisa katika historia ya eneo hili yalifanywa na watu wenye funguo halali.

(Majirani zetu wa Rwanda wanalijua hili kuliko sisi. Wabelgiji waliingiza kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, serikali zilizofuata baada ya uhuru zikaacha safu hiyo ilivyo, na mwaka 1994 ikawa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Na sisi wenyewe, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tuliona wafanyakazi wa mashamba ya chai wa makabila mengine wakishambuliwa na kufukuzwa. Sisemi orodha ya kompyuta ilitumika. Nasema tu kwamba safu ya kabila, mahali pa kuzaliwa na namba ya nyumba, zikiwekwa pamoja kwenye faili moja, si mchanganyiko wa kuacha wazi katika nchi hii.)

Nitapita haraka kwenye miongo iliyofuata. Kipande cha Waafrika pekee kilifutwa kwa sheria mpya ya 1947 iliyotaka watu wa rangi zote waandikishwe, na mwaka 1978 wanawake nao wakaingizwa kwenye mfumo wa vitambulisho. Bomet ilikatwa kutoka Kericho ikawa wilaya mwaka 1992. Kisha katiba ya 2010, na mwaka 2013 kaunti 47 zikaanza kazi.

Jambo moja huwachanganya watu wengi, hata waandika programu wanaoomba zabuni. Mjini Bomet kuna serikali mbili. Kuna gavana, aliyechaguliwa, ambaye hospitali za kaunti ziko chini yake. Na kuna kamishna wa kaunti, mtu wa serikali kuu, ambaye machifu na manaibu wao wako chini yake. Wote wawili wanakusanya data za mtu yule yule. Kaunti ina faili la mgonjwa, la mwanafunzi wa basari, la mwenye leseni ya duka. Kamishna, kupitia kwa chifu, anajua nani anaishi wapi na ana shida gani. Kwa hiyo mtu akisema "serikali ya mtaa ishirikiane data", swali langu la kwanza ni: serikali gani, na gani?

Mwaka 2015 swali hilo lilipata mfano wake. Mwezi Februari Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba makamishna wa kaunti wote, wakishirikiana na wakuu wa elimu na wa afya, wakusanye data za watoto wa shule wenye virusi vya UKIMWI, taarifa za walezi wao, na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Nia ilikuwa kupanga huduma na dawa. Sina sababu ya kuitilia shaka nia hiyo. Lakini tazama njia: taarifa inatoka kliniki, ambako mtu aliitoa kwa daktari kwa siri, inapita shuleni, inafika kwa msimamizi wa utawala, ambaye ndiye mkuu wa chifu wako. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Desemba 2016 mahakama ikaamua kwamba agizo lilikiuka katiba, pamoja na haki ya faragha iliyo kwenye kifungu cha 31, na ikaagiza majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa misimbo ndani ya siku 45, ili jina na hali ya afya visiwe vimeandikwa pamoja.

Kwangu mimi hii ndiyo kesi ambayo kila anayetengeneza mfumo wa kaunti anapaswa kuisoma kabla hajafungua kompyuta. Mpangaji wa dawa hahitaji majina. Anahitaji hesabu. Na hata hesabu ina mtego wake. Tuseme shule moja ya msingi huko Chepalungu ina watoto 200, na ripoti inasema: shule hii, darasa la nne, wasichana, 1. Hakuna jina hapo. Lakini kijiji kizima kitajua kabla jua halijatua, kwa sababu ni msichana mmoja tu wa darasa la nne anayeomba ruhusa kila mwezi kwenda kliniki. Ndiyo maana watakwimu huwa na kanuni ya kuficha idadi ndogo: kisanduku chenye mtu mmoja au wawili hakichapishwi, kinaunganishwa na jirani yake mpaka idadi iwe kubwa. Nusu ya siku ya kazi kwa mwanaprogramu, labda chini ya hapo.

Kuna kisa kingine ambacho hakikutokea kwetu lakini kinahusu jamaa yangu wa swali la kwanza moja kwa moja. Kaskazini mashariki, Garissa na kwingineko, wakati wa ukame na njaa tangu miaka ya 1990, familia nyingi za Wakenya wenye asili ya Kisomali zilijiandikisha kambini kama wakimbizi ili zipate chakula na shule. Watoto wakawekwa alama za vidole. Miaka ikapita, watoto wakafika 18, wakaenda kuomba kitambulisho. Kompyuta ikatafuta alama za vidole, ikazikuta kwenye hifadhidata ya wakimbizi, ikawakataa. Maelfu ya Wakenya wakabaki bila kitambulisho, na Kenya bila kitambulisho huna laini ya simu, huna akaunti ya benki, huna kazi. Hifadhidata zote mbili zilikuwa "sahihi". Kila moja ilieleza kwa ukweli kilichoandikwa ndani yake. Kosa lilizaliwa zilipounganishwa, kwa sababu aliyeziunganisha alichukulia kwamba mtu aliyeandikwa mkimbizi hawezi kuwa raia, na hakukuwa na mlango wa kukata rufaa uliojengwa ndani ya mfumo. Serikali ikaja baadaye kuunda kamati za kuhakiki watu mmoja mmoja, kazi ya miaka. Mlango wa rufaa ungejengwa tangu siku ya kwanza ungegharimu kiasi gani? Fomu moja na karani mmoja.

Basi sheria inasemaje sasa? Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019, na Kamishna wa Data wa kwanza, Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Sheria hiyo inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza mradi wenye hatari kubwa kwa haki za watu. Watu walidhani hayo ni maneno tu ya karatasi. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akafuta uamuzi wa serikali wa kutoa kadi za Huduma Namba kwa sababu tathmini hiyo haikuwa imefanywa. Mradi wa mabilioni ukakwama kwa kukosa waraka ambao kampuni nyingi huuona kama usumbufu. Kanuni zilizotungwa mwaka huo huo wa 2021 zinagusa pia kupeana data: anayeomba data kwa mwenzake aombe kwa maandishi, aseme anaitakia nini, ataiweka kwa muda gani, na atoe uthibitisho wa jinsi atakavyoilinda. Mambo matatu tu. Ukiyasoma haraka utaona ni urasimu, lakini yapime kwa historia tuliyoipitia. "Unaitakia nini" ingesimamisha orodha ya 2015. "Kwa muda gani" ingemfaa mtoto wa Garissa.

Shida ni kwamba data nyingi huku mashinani hazipiti kwenye maombi ya maandishi. Mwanzoni mwa 2023 serikali iliandikisha wakulima nchi nzima ili wapate mbolea ya ruzuku, na waliofanya kazi hiyo vijijini ni machifu na manaibu wao. Mpango mzuri, na mkulima wa chai au mahindi wa hapa Bomet alifaidika. Lakini sasa kuna daftari lenye jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na ukubwa wa shamba. Wataalamu wa kilimo wa mashinani ni wa kaunti, machifu ni wa serikali kuu, kwa hiyo ni kawaida kabisa pande mbili zitake kuona daftari moja. Na wanaolitaka daftari kama hilo hawataisha: mwenye kukusanya kodi ya ardhi, mwenye kuuza mikopo, mwenye kampeni mwaka wa uchaguzi. Bomet na Kericho zote ni wanachama wa umoja wa kaunti 14 za eneo la Ziwa, kwa hiyo hamu ya kuunganisha itaongezeka, haitapungua.

Nilimjibu yule jamaa hivi. Unganisheni, lakini msinakili. Estonia walianza mwaka 2001 mfumo uitwao X-Road ambao hauna ghala kuu la data. Kila ofisi inakaa na data zake, na ofisi nyingine ikitaka kitu inauliza swali moja, inapewa jibu moja, na swali lenyewe linaandikwa kwenye kumbukumbu: nani aliuliza, lini. Raia wa kule anaweza kuona mwenyewe ni ofisi zipi zilizochungulia data zake katika mifumo mingi. Daktari wa Kapkatet aulize Longisa kama mgonjwa huyu, aliye mbele yake, ana mzio wa dawa fulani. Asipewe faili la Bomet nzima kwenye fleshi. Nakala ikishatoka kwenye fleshi huwezi kuirudisha, na kila mtu anajua faili za namna hii huishia wapi: kwenye barua pepe ya mtu na kwenye kikundi cha WhatsApp.

Akaniuliza swali la pili, ambalo lilinishinda kidogo: na data ikishamaliza kazi yake, tuifute?

Vitabu vinasema ndiyo. Lakini rudi kwa Talai. Mwaka 2019 Wakipsigis na Talai zaidi ya laki moja walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa kuhusu kuporwa ardhi na kuhamishwa, na mwaka 2021 wataalamu wa Umoja huo wakaeleza wasiwasi wao hadharani juu ya jambo hilo. Mwaka 2022 kesi dhidi ya Uingereza ikapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Watu hao wanathibitishaje walichofanyiwa? Kwa ushuhuda wa wazee wachache waliobaki, na kwa karatasi za wakoloni wenyewe, ripoti za ofisi ya wilaya ya Kericho zilizohifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi. Maandishi ya ofisi iliyowafukuza yamekuwa ushahidi wao. Kama karani mwaminifu angechoma kila kitu kazi ilipokwisha, wajukuu wasingekuwa na cha kuonyesha.

Kwa hiyo nilimwambia zitenganishwe njia mbili. Mfumo wa kila siku, ule ambao karani wa wadi anaweza kuufungua, ufute majina muda ukifika. Nakala moja iende kwenye hifadhi ya nyaraka chini ya sheria ya nyaraka, ifungwe kwa miaka mingi, isiunganishwe na mtandao wowote, na ifunguliwe kwa amri tu. Alisema bajeti yao haina kifungu cha nyaraka. Nikamwambia aanze na kumbukumbu ya maswali, nani ameuliza nini na lini, kwa sababu hiyo ni jedwali moja lenye safu nne na anaweza kuliandika leo jioni.